Anni Albers na Karakana Ambayo Hakuichagua

Kila mwanzo wa muhula huwa kuna wiki mbili ambazo hosteli nzima inaongea lugha moja: kozi gani ina mteremko, mwalimu gani anamwaga A, nani anakamata watu mpaka wanajikuta kwenye supu. Kozi za lazima hazina mjadala, zipo tu. Kelele zote ni za kozi za hiari. Sisi wa ualimu kelele zetu ni ndogo, maana masomo yetu ya kufundishia ndiyo yanayotuamulia karibu kila kitu. Ila wenzetu wa shahada ya sanaa za ufundi wana mtihani wao wa peke yao. Wakishamaliza mwaka wa kwanza wa kugusagusa kila kitu, inabidi wachague karakana: kuchonga, kufinyanga, kupiga chapa, kufuma na kutia nguo rangi. Na karakana utakayoingia ndiyo itakayokula mikono yako mpaka siku ya mahafali.

Jirani yangu wa hosteli, binti, alitaka kuchonga. Akashauriwa na wakubwa wake kwamba mbao na mawe ni mazito, aende kwenye nguo, huko ndiko kunamfaa. Sisemi ni wapi wala ni nani. Nasema tu kwamba ushauri huo una umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kuna mwanamke aliyeupata zamani hizo ambaye leo jina lake liko kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Anaitwa Anni Albers. Nimesoma maisha yake likizo nzima, kwa sababu zangu ambazo nitazifikia, na nataka kuyasimulia hapa kwa kuwa huwa yanasimuliwa vibaya. Utasikia watu wakisema alikataliwa karakana aliyoitaka, akapelekwa asikotaka, akawa maarufu, kwa hiyo kumbe kukataliwa kulikuwa baraka. Mimi sikubali, na sababu za kutokubali ziko ndani ya maisha yenyewe.

Alizaliwa Berlin tarehe 12 Juni 1899, akaitwa Annelise Fleischmann. Baba yake alikuwa na biashara ya samani, na mama yake alitoka ukoo wa Ullstein, wenye kampuni kubwa ya magazeti na vitabu Ujerumani. Kwa kifupi, mtoto wa kishua. Familia ilikuwa na asili ya Kiyahudi ingawa yeye alibatizwa Kiprotestanti, jambo ambalo baadaye halikumsaidia chochote. Alipenda kuchora tangu mdogo, akawekewa mwalimu, na kati ya 1916 na 1919 alisoma kwa mchoraji Martin Brandenburg. Alipompelekea Oskar Kokoschka, mchoraji mwenye jina, picha aliyomchora mama yake, mzee huyo alimuuliza kwa nini hata anajisumbua kuchora. Kisha akajaribu shule ya sanaa za mikono ya Hamburg, akakuta wanafundisha mapambo ya taraza na maua, akaondoka baada ya miezi michache.

Ndipo akasikia kuhusu Bauhaus. Hii ilikuwa shule mpya iliyofunguliwa mwaka 1919 katika mji wa Weimar na msanifu majengo Walter Gropius, nayo iliwavuta vijana kwa sababu ilitaka kuvunja ukuta kati ya msanii na fundi. Huko hukukaa darasani kusikiliza historia ya urembo. Ulianza na kozi ya utangulizi ya miezi sita, ukicheza na karatasi, waya, mbao, rangi, chochote, ili wajue mkono wako unaelekea wapi. Ukifaulu, unaingia karakana: useremala, chuma, ufinyanzi, vioo vya rangi, uchoraji wa ukutani, kujalidi vitabu, ufumaji. Kila karakana ilikuwa na mabwana wawili, mmoja wa umbo na mmoja wa ufundi, yaani mmoja msanii na mwingine fundi hasa wa kukuonyesha nyundo inashikwaje. Shule nyingi za sanaa zenye mwaka wa kwanza wa kujaribu kila kitu kabla ya kuchagua zinafuata nyayo hizo mpaka leo.

Annelise aliomba mara ya kwanza, wakamkataa. Akaomba tena, akapata, mwaka 1922. Akaacha nyumba ya wafanyakazi na mazulia, akapanga chumba kidogo Weimar. Wanaokaa geto nje ya chuo wanaelewa.

Sasa tufike kwenye kuchagua. Yeye alitaka karakana ya vioo. Sababu moja ilikuwa ni vioo vyenyewe, na nyingine, tusidanganyane, ilikuwa kijana mmoja mwembamba aliyefanya kazi humo, mtoto wa fundi rangi, aliyeitwa Josef Albers. Huyu Josef nataka tukae naye kidogo, maana wengi wanaomsimulia Anni wanamruka hapa. Josef naye alikuwa amepangiwa. Mabwana walimwambia apitie kwanza uchoraji wa ukutani, vinginevyo ataondoka. Akagoma. Akachukua begi la mgongoni na nyundo, akaenda kwenye dampo la Weimar kuokota vipande vya chupa na vioo vilivyovunjika, akavipanga kwa waya na risasi mpaka vikawa picha zinazopitisha mwanga. Alipovionyesha mwishoni mwa muhula alidhani anafukuzwa. Badala ya kumfukuza wakampa jukumu la kuianzisha upya karakana ya vioo.

Kwa hiyo katika shule hiyohiyo, miaka hiyohiyo, mwanaume alikataa alichopangiwa akapewa karakana aliyoitaka. Mwanamke akaomba karakana hiyohiyo kwa utaratibu, akaambiwa hapana.

Siyo bahati mbaya. Tangazo la Bauhaus la 1919 lilisema shule itapokea mtu yeyote bila kujali umri wala jinsia, na katiba mpya ya Ujerumani ya mwaka huohuo iliwapa wanawake haki sawa. Wanawake wakalichukua tangazo kwa maana yake. Muhula wa kwanza walikuwa wengi kidogo kuliko wanaume. Gropius akaingiwa na hofu kwamba shule itaonekana ya mapambo ya kina dada, na mwaka 1920 akapendekeza kwa baraza la mabwana kuwa wanawake wachujwe kwa ukali zaidi, na wakishaingia waelekezwe zaidi kwenye nyuzi. Likaanzishwa darasa la wanawake, likaungana na karakana ya ufumaji. Hakuna aliyebandika tangazo mlangoni kwamba wanawake marufuku kwenye chuma. Ilitosha kila mmoja aliyeomba ashauriwe vizuri, kwa upole, mmoja mmoja. Na Anni alikuwa na ugonjwa wa neva uliodhoofisha miguu yake tangu kuzaliwa, kwa hiyo hata sababu ya uzito wa kazi ilipatikana kirahisi.

Alikwenda kwenye ufumaji bila furaha. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliona nyuzi ni kitu laini mno, cha akina mama wa nyumbani. Tena karakana yenyewe haikuwa na mwalimu wa maana wa ufundi. Bwana wa umbo alikuwa mchoraji Georg Muche, ambaye hakuwa na habari na nyuzi. Wanafunzi wakajifundisha wenyewe. Mmoja wao, Gunta Stölzl, alisafiri mpaka Krefeld kujifunza kutia rangi na kufuma, akarudi kuwafundisha wenzake, na mwaka 1927 akawa mkuu wa karakana. Kama umewahi kuwa kwenye kozi ambayo mwenzako wa kundi ndiye anayefundisha kwa sababu mhadhiri hajulikani aliko, unaijua hali hiyo.

Kilichomgeuza Anni ni kitu ambacho inabidi nikieleze kwa mfano wa nyumbani. Chukua kanga na kikoi. Kanga unaisoma: maua, pindo, jina. Lakini maua yale yamepigwa chapa juu ya kitambaa ambacho kilikwisha kufumwa, ungeweza kuyapiga chapa kwenye karatasi yakawa yaleyale. Kikoi ni tofauti. Mistari yake imo ndani ya nyuzi. Nyuzi za mtande, zile za kwenda urefu, zilipangwa kwa rangi kabla hata mfumaji hajapitisha mshindio wa kwanza kwa upana. Ukifumua kikoi, mstari unakufa nao. Anni aligundua kwamba kitanda cha kufumia kina sheria ngumu sana, uzi unapita juu au unapita chini, basi, na kwamba ndani ya sheria hiyo ndogo kuna mambo yasiyoisha. Akiwa mchoraji alikuwa ameogopa uhuru wa karatasi tupu. Mtande ulimpa kitu cha kushindana nacho. Alianza kufuma vitambaa vya ukutani vya miraba na mistari ambavyo havikuwa picha ya kitu chochote, vilikuwa ni kufuma kwenyewe kukionekana.

Alipata pia Paul Klee, mchoraji, aliyekuja kuwafundisha umbo watu wa ufumaji. Anni alisema hakumwelewa vizuri darasani, ila alimheshimu mno. Klee alipotimiza miaka 50, Desemba 1929, wanafunzi wa ufumaji walikodi ndege kutoka kiwanda cha Junkers kilichokuwa jirani na shule, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia Dessau, wakaangusha zawadi kutoka angani kuelekea nyumbani kwake. Kifungashio kilikuwa na umbo la malaika, na Anni alishiriki kukitengeneza. Nimelitaja hili bila sababu kubwa. Nimelipenda tu.

Mwaka 1925 aliolewa na Josef, yule wa vioo. Na kazi yake ya kuhitimu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina urembo hata kidogo. Hannes Meyer, aliyempokea Gropius ukuu wa shule, alikuwa anajenga chuo cha shirikisho la vyama vya wafanyakazi huko Bernau, karibu na Berlin. Ukumbi ulikuwa na mwangwi, sauti inarudi. Anni akapewa tatizo hilo, naye akafuma kitambaa cha ukutani chenye pande mbili za kazi: upande wa mbele una selofani, inayorudisha mwanga, na nyuma kuna uzi wenye manyoya wa kumeza sauti. Kampuni ya Zeiss Ikon iliyotengeneza vifaa vya kamera ilikipima ikathibitisha jinsi kinavyorudisha mwanga. Alipata diploma yake mwaka 1930 kwa kitambaa hicho. Hebu fikiria kila ukumbi wetu wa mihadhara ambao ukikaa nyuma unasikia mwangwi tu wa kipaza sauti. Binti wa nyuzi ndiye aliyetatua.

Hapa ndipo wale wa baraka hushangilia. Mimi nawauliza kuhusu Marianne Brandt. Huyu aliingia Bauhaus mwaka 1924, akaingia karakana ya chuma kwa kuungwa mkono na László Moholy-Nagy, bwana mpya aliyekuwa akiiongoza. Wanaume wa mle hawakumtaka na mwanzoni walimpa kazi za kuchosha, kugonga vibakuli vidogovidogo siku nzima. Mwaka huohuo alibuni birika dogo la chai la nusu duara ambalo leo liko kwenye vitabu vyote vya ubunifu, na mwaka 1928 akawa kaimu mkuu wa karakana ileile. Maana yake chuma hakikuwa kizito kwa wanawake. Mlango ulikuwa umefungwa na mtu, na mtu mwingine akaufungua. Hatujui Anni angefanya nini na vioo, na hatutajua. Kinachoitwa baraka ni kazi yake mwenyewe, jasho lake, aliyoifanya juu ya uonevu. Kuwapongeza waliomwonea ni kumnyang'anya mara ya pili.

Hii ndiyo sababu niliyosema nitaifikia. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kidato cha pili. Wale wakifika cha tatu wanachagua: fizikia na kemia, au biashara, au waende upande wa sanaa. Wasichana walikuwa wanakuja mezani kwangu mmoja mmoja kuuliza, mwalimu, hivi mimi nitaweza? Swali hilo ni la hatari kuliko linavyosikika, kwa kuwa jibu lolote la upole unaweza kulitoa kwa nia njema kabisa. Gropius naye nadhani hakujiona mbaya. Nilikuwa nawaambia walete madaftari yao, tunaangalia pamoja walichofanya, na hapo ndipo mazungumzo yanaanzia. Sijapata njia bora zaidi.

Turudi kwake. Wanazi walipopata wingi katika baraza la mji wa Dessau waliifunga shule mwaka 1932, ikahamia Berlin, na mwaka 1933 ikafa kabisa. Kwa mwanamke mwenye asili ya Kiyahudi habari ilikuwa imeisha. Msanifu Mmarekani Philip Johnson aliwapendekeza yeye na Josef kwa chuo kipya kabisa katika milima ya North Carolina, Black Mountain College, na Novemba 1933 wakafika. Josef hakujua Kiingereza. Anni alikijua, hivyo siku za mwanzo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa mumewe.

Chuo chenyewe kilikuwa kinyume cha vyote nilivyovieleza. Hakukuwa na kozi za lazima. Mwanafunzi alichagua mwenyewe kila kitu, alama hazikutangazwa, na jioni wote, walimu na wanafunzi, walikwenda shambani kulima. Wasomi wenzangu msianze kushangilia, hata bumu halikuwepo. Sanaa ilikuwa katikati ya masomo hata kwa asiyetaka kuwa msanii. Na mwanamke aliyekuwa hakuachiwa kuchagua akafundisha hapo kwa miaka 16, mpaka 1949, mbele ya wanafunzi ambao kila mmoja alikuja kwake kwa hiari.

Namna alivyofundisha ndiyo iliyonikaa zaidi, labda kwa sababu ya fani yangu. Hakuanza na kitanda cha kufumia. Aliwaambia wanafunzi wajifikirie wako jangwani Peru, zama za kale, hawana kitu, upepo na jua vinawapiga: mtaanzia wapi? Wakaanza na majani, na nyuzi walizozisokota wenyewe. Akawapa punje za mahindi, nyasi, karatasi iliyotobolewa, hata mashine ya taipu, watengeneze kwa herufi zake sura ya kitambaa kabla ya kugusa uzi. Ndipo wakafuma kwa kitanda cha kiunoni, kile ambacho ncha moja unafunga kwenye mti na nyingine kiunoni mwako, kama wanavyofanya wafumaji wa Mexico na Peru hadi leo. Sisi tunafundishwa zana za mazingira, vizibo vya soda vya kuhesabia na kadhalika, na wengi tunazichukulia kama zana za umaskini, za shule isiyo na bajeti. Yeye alizitumia kwa sababu alitaka mwanafunzi apite mwenyewe njia aliyopita mtu wa kwanza kufuma.

Peru na Mexico hazikuwa mapambo ya somo. Tangu 1935 walisafiri Mexico mara nyingi, akakusanya vipande vya vitambaa vya kale, akaamua kwamba wafumaji wa Peru ya zamani, watu ambao majina yao hayajulikani, ndio mabingwa waliopata kuwepo. Alipoandika kitabu chake kikubwa, On Weaving, mwaka 1965, aliwatunukia wao kama walimu wake. Na alipoona vito vya kale vya Monte Albán, dhahabu imechanganywa na vitu vya kawaida kama magamba, alirudi chuoni, yeye na mwanafunzi wake Alexander Reed wakatengeneza mikufu kutoka duka la vifaa vya ujenzi: chujio la sinki likining'inia kwenye mnyororo wa klipu za karatasi, washa za bomba zilizotungwa kwenye utepe. Ukiuona mkufu huo kwenye picha huamini kuwa ni chujio. Ni mzuri kweli.

Mwaka 1949 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likamfanyia maonyesho ya peke yake, ya kwanza katika historia ya jumba hilo kwa mfumaji. Mwaka uliofuata Josef akapata kazi Yale, wakahamia New Haven. Anni hakupewa kazi huko. Alifuma nyumbani. Jumba la Kiyahudi la New York lilipomwomba kumbukumbu ya mamilioni waliouawa, alifuma vipande sita virefu vyembamba vya pamba, kitani, katani na uzi wa fedha, akaviita Six Prayers. Vilikamilika 1967.

Katikati ya hayo kulikuwa na safari moja ya Los Angeles, mwaka 1963. Josef alialikwa kwenye karakana ya Tamarind, ya kupiga chapa kwa jiwe, na Anni akamsindikiza kama mke. June Wayne, mwanamke aliyeianzisha karakana hiyo, alipomwona amekaa tu akamwambia naye ajaribu. Akajaribu. Alichora nyuzi zinazojifunga na kujifungua bila mwanzo wala mwisho, kitu ambacho kitanda cha kufumia kisingemruhusu. Mwaka uliofuata alirudi Tamarind kwa mwaliko wake mwenyewe. Alikuwa na miaka 65, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ndani ya karakana ambayo hakuna aliyempeleka.

Karibu mwaka 1970 akaacha kufuma kabisa. Vitanda vyake vya kufumia akavigawa, akabaki na chapa. Josef alifariki mwaka 1976. Yeye aliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya hapo, mpaka alipofariki tarehe 9 Mei 1994 huko Orange, Connecticut, akiwa na miaka 94.